Mjadala: Riwaya zinazosimulia watu ambao familia huwaficha zikae wapi katika kabati letu?

Mwanzilishi wa mada (Kampemba)

Ndugu wasomaji, kikundi chetu cha kusoma hapa Lubumbashi kimegawanyika kwa sababu ya kabati la vitabu. Baadhi ya wenzetu wanataka riwaya zinazogusa mapenzi ya jinsia moja ziondolewe, huku zile zinazosimulia ulemavu, ukoo na kunusurika vitani zibaki, kwa hoja kwamba hizi za mwisho ni zetu na zile za kwanza ni za Wazungu. Ninaupinga mgawanyo huo.

Hoja ya ugeni ndiyo dhaifu kuliko zote. Mwandishi V. Y. Mudimbe alizaliwa Likasi mwaka 1941, mji ulio karibu nasi kiasi kwamba wengi wetu tuna shangazi huko, na akafundisha katika chuo kikuu cha mji wetu. Riwaya yake Le bel immonde ilitoka mwaka 1976. Inamhusu msichana wa baa za Kinshasa, wakati wa uasi wa miaka ya 1960, ambaye ni mpenzi wa waziri. Ukoo wake ulio upande wa waasi unamtaka ampeleleze waziri huyo, naye anaishi na mwanamke mwenzake katika mapenzi ambayo mwandishi hayafichi wala hayatolei hotuba. Niambieni, kitabu hicho ni cha ukoo, cha vita, au cha kile tunachoogopa kukitaja? Ukizichana kurasa za wanawake hao wawili, hutaelewa kamwe kile ambacho msichana huyo anatakiwa kukihatarisha kwa ajili ya damu yake.

Kitabu ambacho hakuna aliyekipinga ni La Grève des bàttu cha Aminata Sow Fall wa Senegali, cha mwaka 1979. Ombaomba, wakiwemo vipofu na vilema, wanafukuzwa mjini ili wasiwakere watalii, kisha mkubwa aliyewafukuza anawatafuta wapokee sadaka yake, kwa kuwa bila sadaka hiyo anaamini hatapata cheo. Nashuku tulikikubali kwa sababu tulikisoma kama kitabu cha huruma. Mimi nilikisoma kama kitabu cha mji unaotaka baadhi ya watu wake wasionekane, na mji huo naujua: kifungu cha 41 cha Katiba yetu ya Kongo ya 2006 kinakataza kumtuhumu mtoto uchawi, lakini mtoto mwenye kifafa bado anaweza kutolewa nje usiku kwa jina la ndoki, yaani mchawi. Kijana anayependa wa jinsia yake hutolewa kwa mlango uleule.

Mzazi (Katuba)

Ndugu yangu, nimekusoma kwa heshima, ila umeliruka suala la umri. Binti yangu ana miaka 12 na anaazima vitabu katika kabati hilohilo. Sijasema Mudimbe achomwe moto. Nasema kwamba Katiba hiyohiyo, katika kifungu cha 40, inaitambua ndoa ya watu wa jinsia tofauti, nami nina haki ya kumlea mwanangu juu ya msingi huo. Tena usilinganishe visivyolingana: mtoto mwenye kifafa hakuchagua.

Msomaji (Ruashi)

Mama, samahani, hapo mwisho umenigusa. Mimi natumia kiti cha magurudumu tangu utotoni kwa sababu ya polio, na neno hilo «hakuchagua» ndilo nililolelewa nalo. Lilinipa chakula na mahali pa kulala, kwa sharti kwamba nisitake kitu kingine. Nilipowaambia wajomba kwamba nataka kuoa, kwanza walicheka, kisha wakajadili mahari kana kwamba wanachangia msiba. Sitaki kuwa kipimo cha asiye na kosa ili mwingine ahukumiwe kwa kipimo hicho.

Nawe, mwanzilishi, usitufunge sote katika kitita kimoja. Maisha yangu si mfano wa kutetea vitabu vyako. Mnabishana juu ya kufuli, lakini ukumbi wenu una ngazi saba na hauna njia ya kiti, ingawa tangu Mei 2022 nchi yetu ina sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Kabati likifungwa au likifunguliwa, mimi silifikii.

Mwanzilishi wa mada

Kuhusu ngazi sina la kujitetea. Nimepita pale kila Jumamosi bila kuzihesabu.

Mama, kuhusu umri nakubali, ila kanuni iwe moja. Tunazo riwaya za vita vya Mashariki ya Kongo zenye ubakaji na mauaji kurasa nzima nzima, na watoto wameziazima bila yeyote kati yetu kunung'unika. Ikiwa safu ya juu ni ya watu wazima, nazo zipande huko, na chochote kisitolewe kabatini.

Jumamosi ijayo napendekeza tukutane uani, chini ya mwembe, ambako hakuna ngazi. Nakala ya Mudimbe iko kwangu. Ndugu wa Ruashi, ukipenda nitakuletea nyumbani kabla ya siku hiyo, usome wewe kwanza, kisha utuambie kama nimekisoma vibaya.