Mchoraji kamkalisha pweza kwenye kigoda. Nimwambie afute?

MwaniMwanza
Asalaam aleikum jamani. Mimi mtu wa Jambiani, Unguja, niliolewa Mwanza. Mama yangu ni katika wanawake wa mwanzo kulima mwani kule, tangu 1989, nami nimekulia nyuma yake mchangani. Wanangu wao wanajua ziwa tu. Bahari wameiona mara moja, wakalalamika maji yana chumvi.

Basi nimewatungia mashairi kumi na mawili ya bahari, mafupi mafupi, kila moja na picha yake. Anayechora ni mpwa wa mume wangu. Kijana ana mkono, ila pwani hajafika hata siku moja.

Shairi la nne ni la kiti cha pweza, si pweza mwenyewe, bali yule mnyama wa bahari wa mikono mitano tuliyekuwa tukimwona siku za bamvua, maji yakikupwa mpaka mwambani. Nikampa ubeti bila maelezo:

*Maji yamekupwa pwani,*
*Kiti kimebaki chini,*
*Pweza yeye yu pangoni,*
*Atakikalia nani?*

Akaniletea pweza wa zambarau kakalia kigoda cha miguu mitatu kama mzee wa Kisukuma, mkono mmoja umeshika kikombe cha kahawa! Watoto wamecheka mpaka machozi. Nimwambie afute? Naogopa watakuja kubishana na mwalimu wao.

La pili: mume wangu anasema mstari wangu wa mtepe, chombo cha baharini cha zamani, "Mtepe washonwa kamba", una mizani (silabi) saba. Mimi nahesabu nane.

Picha ya jalada nimeibandika hapo chini.

BabuNgalawa_Tanga
Wa aleikum salaam mwanangu. Pweza mwache anywe kahawa yake. Mimi kilichonishtua ni jalada. Ngalawa ina mrengu, ule ubao wa pembeni wa kuizuia isipinduke, upande mmoja tu! Yetu ina pande zote mbili. Hiyo ya kijana wako itainama ubavu kabla haijatoka bandarini. Halafu tanga limetuna kulia, kibendera cha mlingotini kinapepea kushoto. Upepo gani huo, kusi au kaskazi? Pweza wa kahawa mtoto anajua ni mzaha. Ngalawa ile ataiamini.

MwlMizani
Dada, umehesabu sawa. Shemeji kaisahau "m" ya mwanzo, ambayo husimama peke yake: m-te-pe, tatu. Ila "mba" ya kamba haikatwi, ni moja. Jumla nane. Na mwambie mchoraji mapema kwamba mtepe haukuwa na msumari hata mmoja, mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lilikuwa la mkeka. Asije akachora turubai.

MamaWatatu
Usifute, da'ngu. Ukurasa wa kwanza weka pweza na kigoda, mtoto akifunua akute kiti chenyewe mchangani, mikono mitano, hakuna aliyekikalia. Aliyempa mnyama yule jina hilo zamani naye alikuwa na akili kama za huyo mpwa wenu.

BabuNgalawa_Tanga
Hapo nakubali. Lakini ngalawa irekebishwe.

MwaniMwanza
Ahsanteni sana, na shikamoo Babu. Nimempigia kijana leo asubuhi. Kigoda kinabaki, na ukurasa wa kufunua ameupenda kuliko mimi. Ngalawa anaichora upya. Kaka yangu kamrekodia video akiwa ufukweni, kaizunguka ngalawa yake nzima na kumtajia kila kijiti. Mume wangu bado anahesabu kwa vidole.

Sasa tumefika shairi la tisa, la nguva. Mchoraji kaniuliza avae gauni au khanga. Nadhani nitarudi na swali jingine.