Maziwa mabichi ya Masisi kwenye kahawa ya nyumbani: moto wa kahawa unatosha?

Moka_wa_Himbi

Jambo wote. Niko Goma, Himbi. Kwa upande wa kahawa sina shida: napata ya Minova, iliyooshwa vizuri, naikaanga mwenyewe kwenye sufuria la chuma juu ya mbabula, nasaga kwa kinu cha mkono, napika kwa birika la moka. Shida yangu ni maziwa.

Ya boksi yamenichosha. Sasa kuna kijana wa pikipiki anayeshusha maziwa kila asubuhi kutoka upande wa Masisi, ndani ya mabidoni ya njano, mengine bado yana uvuguvugu. Ukishayaonja hayo hutarudi kwenye boksi. Lakini nikiyachemsha jinsi mama alivyotufundisha, yanafanya utando, yanapata ile harufu ya kupikwa, na kahawa yangu inakuwa kama chai ya matanga.

Kwenye intaneti nimeona Wamarekani wakisema maziwa mabichi ndiyo yenye povu zuri la kapuchino, na kwamba moto wa kahawa wenyewe unaua wadudu. Nina kipimajoto cha jikoni. Nayapasha hadi nyuzi 60, naweka kwenye birika la pistoni, napiga povu, namimina. Hiyo inatosha? Na mbona siku nyingine povu linasimama, siku nyingine linakufa kabla sijajaza kikombe cha pili?

Nyumbani tuko wengi. Shemeji yangu, mke wa yaya (kaka yangu mkubwa), ana mimba, na yeye ndiye mteja wangu wa kwanza kila asubuhi.

Mtoto_wa_Kabare

Ndugu, usijisumbue. Miye niko Bukavu lakini nilikomalia Kabare, kwetu tunakunywaka maziwa mubichi tangu utoto. Babu yangu hakuna siku alichemsha maziwa na alizeeka muzuri. Ng'ombe akiwa muzima, maziwa iko muzima. Kitu ya kuangalia ni ule mutu mwenye kukuletea, asikuongezee maji. Basi.

Mama_Katindo

Mdogo wangu wa Himbi, kabla sijaja mjini nilikuwa napokea maziwa mahali wanapotengeneza jibini, huko Masisi. Sasa nauza kahawa na mandazi asubuhi, Katindo. Kwa hiyo maziwa nimeyaona kutoka pande zote mbili.

Nianze na moto wa kahawa, maana hapo ndipo watu wanadanganyika. Chukua kahawa ya moka mililita 50, na useme ina nyuzi 90, ingawa kwenye kikombe haifiki huko. Mimina maziwa mililita 150 yaliyotoka kwenye frigo na nyuzi 5. Piga hesabu: unapata nyuzi kama 26. Hapo hujaua kitu, umewaogesha hao wadudu tu.

Nyuzi 60 zako pia hazitoshi. Njia ya polepole inataka nyuzi 63 kwa dakika 30 mfululizo. Njia ya haraka inataka nyuzi 72 kwa sekunde 15. Wewe unagusa 60, unatoa kwenye moto, unaanza kupiga povu na joto linashuka. Hata wale wa Ulaya wenye mashine kubwa za mvuke wanaishia 60 au 65, kwa sababu wakipita hapo utamu wa maziwa unapungua. Wao hawana wasiwasi: maziwa yao yalishapikwa kiwandani kabla hayajafika dukani.

Sasa povu. Wewe unalaumu moto, mimi nalaumu barabara. Lile bidoni limefungwa nyuma ya pikipiki, mara nyingi halijajaa hadi juu, na kutoka milimani hadi Sake linasukwasukwa njia nzima. Mafuta ya maziwa yanakaa ndani ya vitone vidogo sana, kila kitone na ngozi yake nyembamba. Yakisukwa hivyo ngozi inapasuka. Na ndani ya maziwa mabichi kuna kimeng'enya kinaitwa lipase, kinachoingia kwenye yale mafuta yaliyo wazi na kuanza kuyakatakata. Vipande vinavyotoka humo ndivyo vinavyoangusha povu. Vikizidi, utasikia ladha ya sabuni kooni. Siku ambayo kijana amekuja polepole na bidoni limejaa, povu lako linasimama. Siku ambayo amekimbia kwenye mashimo, linakufa.

Dawa yake ni moto. Lipase haivumilii nyuzi 72. Maziwa yakipikwa mara tu yanapofika, uharibifu unasimama hapo. Kwa hiyo hao wanaosema mabichi yana povu zuri zaidi, pengine wanasema kuhusu ng'ombe aliye nyuma ya nyumba, maziwa yakitoka kwenye kiwele na kuingia kwenye baridi. Bidoni la Masisi halijui habari hizo.

Na wewe kaka wa Kabare, nikujibu kwa heshima. Kwenye meza ya kupokelea tulikuwa na laktometa, kile kipimo cha uzito wa maziwa. Maziwa mazuri ya ng'ombe yanasoma kati ya 1.028 na 1.032, na mtu akiongeza maji namba inashuka, tunamrudisha nayo. Lakini laktometa inaona maji tu. Ugonjwa haiuoni.

Mwuguzi_Ndosho

Naongeza hapo alipoachia mama. Ng'ombe mwenye brusela, ugonjwa wa bakteria unaohamia kwa watu, anaweza kuonekana mzima kabisa, anakula, ananenepa. Maziwa yake hayabadiliki rangi, harufu wala ladha. Dalili unayoweza kuona zizini ni ng'ombe kutupa mimba, na hiyo mwuza maziwa hatakuambia.

Kwa binadamu ni homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, mgongo na viungo kuuma, uchovu usioisha. Hapa kwetu kila homa ni palu (malaria) hadi ithibitike vinginevyo. Mtu anakunywa dawa za palu, anarudi, anapewa za tifoidi, anarudi tena, miezi inapita. Matibabu ni ya wiki 6, na kwa kawaida ni dawa mbili kwa pamoja, doksisiklini na rifampisini. Uliza mtu yeyote kama anamaliza wiki 6 za vidonge akishajisikia nafuu.

Jambo hili si geni. Daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alimpata huyo mdudu kisiwani Malta mwaka 1887, kwa askari waliokuwa wakifa kwa homa isiyojulikana. Ilichukua hadi 1905 ndipo Themistocles Zammit, wa hukohuko Malta, akaonyesha kwamba ugonjwa unatoka kwa mbuzi. Askari waliponyimwa maziwa ya mbuzi, homa ikashuka. Mbuzi wenyewe walionekana wazima.

Halafu kuna kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho kwa watoto hupenda kutokea kama matezi ya shingo badala ya kikohozi. Kuna bakteria ya salmonela. Kuna nyingine, listeria.

Listeria ndiyo inayonifanya nimtaje shemeji. Mama mjamzito anaweza kuisikia kama mafua madogo tu, kumbe mimba iko hatarini. Brusela nayo inaweza kuharibu mimba. Moka, huyo usimpe maziwa mabichi, hata tone kwenye kahawa. Na kama ameshayanywa na anapata homa, aende kituo cha afya na aseme wazi kwamba amekunywa maziwa mabichi. Asipolisema hilo, watampima palu na kumrudisha nyumbani.

Babu wa Kabare aliyezeeka vizuri namheshimu. Mimi nawaona wale wengine.

Moka_wa_Himbi

Aksanti mama, aksanti muganga. Shemeji nimeshamwambia, amenuna, lakini ameelewa.

Sasa mama, nifanyeje ili nisipate ile ladha ya kupikwa? Na jambo jingine: kuna asubuhi nilimimina kahawa, maziwa yakakatika palepale, yakawa vipande. Kahawa ilikuwa nzuri, kikombe kisafi. Ni nini?

Mama_Katindo

Ladha ya kupikwa inatoka kwenye protini za maziwa zikipata moto mwingi. Inaanza kusikika ukipita kama nyuzi 75, na kwenye mchemko kamili ndipo inatawala. Wewe una kipimajoto, una bahati, kitumie.

Usiweke sufuria la maziwa moja kwa moja juu ya makala. Weka sufuria kubwa lenye maji, na ndani yake lile la maziwa. Koroga polepole muda wote na ufunike unapopumzika, utando unatokea pale maziwa yanapokaa wazi bila kuguswa. Yakifika 72, mimi huyaacha yafike hata 74 na kukaa hapo dakika moja nzima, kwa sababu vipimajoto vya sokoni siviamini. Pima katikati, si pembeni. Na lile povu la juu lizamishe kwa mwiko, liko baridi kuliko maziwa ya chini, wadudu wanaweza kuponea humo.

Kisha yapoze haraka. Sufuria kwenye beseni la maji, koroga, badilisha maji yakipata moto, koroga tena. Maji yetu hapa si baridi sana, kwa hiyo beseni pekee halikufikishi mbali. Yaingize kwenye frigo mara moja. Umeme ukikatika na kukaa, usianze kubahatisha: tumia siku hiyohiyo na jioni uyachemshe tena.

Asiye na kipimajoto achemshe tu. Goma iko juu, karibu mita 1,500, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Hiyo bado ni nyingi kuliko inavyohitajika.

Povu lipige maziwa yakiwa yametoka kwenye baridi na kupashwa tena hadi 60. Koroga krimu ya juu irudi ndani kwanza, maana maziwa haya hayakusagwa mafuta kama ya boksi, yanajitenga. Birika la pistoni lijaze theluthi tu. Piga kwa nguvu mwanzoni, halafu polepole, halafu gonga chini mara mbili tatu ili matundu makubwa yapasuke.

Kukatika: hayo yalikuwa yameanza kuchacha, ulimi wako haujagundua. Maziwa mazima yana pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umepanda) ya 6.6 hadi 6.8. Kahawa iko kwenye 5 hivi, na ya Minova ukiikaanga kidogo inazidi kuwa na ukali. Maziwa yakishashuka, kahawa ya moto inayasukuma hatua iliyobaki, protini inashikana. Kwa hiyo yakifika tu asubuhi, chemsha kijiko kimoja juu ya moto kabla hujalipa. Yakikatika kwenye kijiko, kijana aondoke nayo. Kule kwenye meza tulitumia alkoholi, sawa kwa sawa na maziwa, tukitafuta punje. Kijiko kinakupa jibu lilelile, ila kinachelewa kidogo.

Mtoto_wa_Kabare

Sawa mama, nimesikia. Lakini mashanza, ile maziwa ya kuganda, je? Ile nayo mutatukataza? Ile haipikwake, na iko na ukali, wadudu hawawezi kubakia mule.

Mama_Katindo

Hakuna anayekukataza, kaka. Ila ukali wa mashanza usiuamini hivyo, brusela inaweza kubaki hai ndani yake. Pika maziwa kwanza, yaache yapoe hadi uvuguvugu, kisha tia kijiko cha mashanza ya jana ambayo nayo ilitoka kwenye maziwa yaliyopikwa. Ukitia kijiko cha ile mbichi umerudisha kila kitu ulichokiua. Inaganda vizuri, na ni nzito zaidi. Wateja wangu hawajawahi kulalamika.

Moka, nilisahau: yakishapikwa usiyarudishe kwenye bidoni la njano. Lile la kijana ni lake, na halioshwi ndani hadi kwenye pembe. Tafuta chupa ya kioo yenye mdomo mpana, iingize kwenye maji ya moto kabla ya kumimina.

Moka_wa_Himbi

Chupa ninayo, ilikuwa ya asali. Kesho kijana akija namtolea kijiko na mbabula hapo mlangoni, tuone atasema nini.