Mjadala: Kompyuta isome shingo ya kizazi vituoni kwetu, au tubaki na jicho la muuguzi?

Kijana wa Mkoani: Asalaam aleykum. Kuna programu zinazosoma picha ya shingo ya kizazi na kusema papo hapo kama pana dalili za kugeuka saratani. Vituo vyetu vingi hupima kwa siki: muuguzi anapaka, anasubiri dakika moja, anaangalia kama pamefanya weupe. Jicho la huyu na la yule si moja. Utafiti wa picha za wanawake zaidi ya 9,000 wa Guanacaste, Costa Rica, uliotoka 2019, ulionesha kompyuta imewapita wataalamu waliosoma picha hizo hizo. Mie nasema tuichukue. Na kina mama wa Pemba aibu imewazidi, hawaji kupima. Mashine haina macho ya mtu.

Mama Mtambwe: Umeandika vizuri mpaka ulipotufikia sisi. Nani kakwambia hatuji? Nimekaa kwenye benchi tangu asubuhi, adhuhuri tukaambiwa vyuma vya kupimia havijachemshwa, rudini wiki ijayo. Mtu akirudishwa hivyo akachoka, mnamwita mwenye aibu! Na hiyo picha kwani inajipiga?

Wa Darajani: Dada yangu, hakukusudia kutukana. Hata huku mjini wapo wanaoona haya.

Kiuyu Asilia: "Hata huku mjini." Yaani haya makao yake Pemba, mjini imekuja kutembea tu. Kila jambo likikwama, kisingizio ni sisi.

Wa Darajani: Basi nisiseme kitu?

Mkunga Mstaafu: Wanangu, nimepima kote kuwili, Unguja na Pemba. Aibu nimeiona hata kwa wake wa madaktari. Ninachokiogopa ni taa. Umeme ukikatika tunamulika kwa tochi ya simu, mkono mmoja umeshika chuma. Picha hiyo ndiyo mtakayoipa kompyuta? Zile za Costa Rica zilipigwa kwa kamera ya aina moja na watu waliofunzwa. Ukibadilisha kamera, na jibu linaweza kubadilika. Wala hili si jipya: Marekani iliidhinisha PAPNET mwaka 1995, kompyuta ya kusoma tena vioo vya Pap, yaani chembechembe za shingo ya kizazi zilizopakwa kwenye kioo, vilivyosemwa ni salama. Kampuni yake ilifilisika 1999. Mwenye kuona haya, Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linapendekeza kuanza na kipimo cha HPV, virusi vinavyoleta saratani hii, na mama anaweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti, faraghani.

Kijana wa Mkoani: Shikamoo bibi. Lakini kipimo hicho kinasema virusi vipo, hakisemi kama pameshaharibika. Wengi huwatoka wenyewe. Kamera naitaka hapo, kwa waliokutwa navyo. Tumewekewa lengo la asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa wakifika miaka 35, na tena 45, ifikapo 2030. Kwa wauguzi hawa tutafika?

Baba Wete: Nauliza jambo moja tu. Picha ya mke wangu inakwenda wapi? Simu ya muuguzi ndiyo hiyo hiyo yenye magrupu ya harusi.

Mama Mtambwe: Mwenye kuuliza hilo ni mkeo.

Baba Wete: Na mie ni mumewe. Picha ikivuja, anayesemwa ni nani?

Mama Mtambwe: Anasemwa yeye, si wewe! Picha ile haina sura. Lakini ikiambatana na namba ya kadi, hapo nakubali: kifaa kiwe cha kituo, kikae kituoni, na mama aulizwe kwanza.

Bint Chake: Mnagombania picha. Dada yangu alipimwa kwa siki, akaonekana, jicho la muuguzi halikukosea. Alipewa barua ya rufaa, Unguja kwanza, halafu Dar. Barua ikalala kwenye mkoba miezi kwa sababu ya nauli na watoto. Alipofika Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, ilikuwa ni mionzi, na hakuishi. Madoa yakiwa madogo yanachomwa kwa joto siku ile ile, anarudi nyumbani kwa miguu yake. Kompyuta ije, sikatai. Lakini kituo kisicho na kifaa cha kuchomea wasikipelekee kamera, watazidi kuandika barua tu.

Kiuyu Asilia: Mungu amrehemu. Nauli ya rufaa ilipwe na Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar.

Wa Darajani: Mfuko ulianza na watumishi wa umma. Mchuma karafuu yumo?

Kiuyu Asilia: Ndiyo nnachokisema, aingizwe!

Kijana wa Mkoani: Jamani, mada ilikuwa kompyuta. Ya Mfuko ifungulieni uzi wake.

Bint Chake: Ifungue wewe, kaka. Na uandike boti ya rufaa inalipwa na nani, maana hapo ndipo dada yangu alipokwama.