Niko kwenye mpango wa madeni Uingereza, muda wa riba tuliyofunga kwenye mkopo wa nyumba unaisha Machi. Benki itatukatalia riba mpya?

Mama Pendo
Habari zenu ndugu zangu, naomba ushauri hasa kwa mlioko Uingereza. Sisi tuko Reading. Baba Pendo aliugua, tukabaki na mshahara wangu wa nyumba ya kutunzia wazee. Kadi za mkopo na mkopo mdogo vikafika paundi 14,000. StepChange, shirika la hisani la ushauri wa madeni, wakatupangia mpango wa kulipa madeni, hii DMP: tunatoa paundi 190 kwa mwezi, wao wanawagawia wanaotudai. Mkopo wa nyumba hatujachelewesha hata mara moja, tuko radhi kula ugali na mchicha wiki nzima. Sasa muda wa riba tuliyofunga isibadilike unaisha Machi na barua ya benki imefika. Naogopa kuijibu. Wakitazama rekodi zetu si watatukatalia? Nyumba itakwenda? Usingizi sipati jamani.

Kijana wa Makorora
Pole sana dada. Nyumba haiendi kwa sababu hiyo. Riba ya mkataba ikiisha, mkopo unaendelea vilevile, ila mnaangukia riba ya kawaida ya benki, ambayo mara nyingi ni kubwa na wanaweza kuibadili wakati wowote. Maumivu yako hapo. Barua ijibu.

Bi Nuru
Mama Pendo, pole na kuuguza. Nafanya kazi ya ushauri wa madeni, kwa hiyo hili nakutana nalo kila mara.

Kuchukua riba mpya kwa benki yenu ileile bila kuongeza mkopo si sawa na kuhamia benki nyingine. Mkibaki mlipo na malipo hayajachelewa, kwa kawaida hawapimi upya uwezo wenu wa kulipa. Benki nyingi kubwa zilisaini makubaliano na serikali Juni 2023 kwamba mteja asiye na malimbikizo atapewa riba mpya bila kupimwa, na anaweza kuishika miezi kadhaa kabla ile ya zamani kuisha. Ikitokea nafuu zaidi kabla ya Machi, unaomba ubadilishiwe. Kwa hiyo huna sababu ya kungoja Machi. Ingia kwenye akaunti yako ya mkopo mtandaoni, mara nyingi riba unazoweza kuchagua ziko humohumo.

Kuhama ndiko kugumu. Benki mpya itafungua rekodi zenu za mikopo kwenye kampuni zinazozitunza, Experian, Equifax au TransUnion, na deni ambalo anayedai ametangaza kuwa limeshindwa kulipwa hukaa humo miaka 6 tangu tarehe ya kutangazwa. Wapo wakopeshaji wanaopokea watu walio kwenye DMP, lakini riba yao huwa kali. Na fomu ikiuliza, sema kweli.

Mpambanaji UK
Mimi ningeongeza mkopo kwenye nyumba, nifute hizo 14,000 zote, nibaki na deni moja.

Bi Nuru
Mpambanaji, hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Anayedai kadi hana nyumba yao kama dhamana. Akitaka kuigusa inabidi aanzie mahakamani, na hata akishinda bado ana safari. Ukihamishia deni hilo kwenye nyumba, wewe mwenyewe unamkabidhi benki dhamana, tena unalilipia riba miaka 20 na zaidi. Na ukiomba kuongezewa, kipimo cha uwezo wa kulipa kinarudi. Familia yenye mgonjwa isiguse hilo.

Mama Pendo
Mungu akubariki dada. Kadi mojawapo ni ya benki hiyohiyo yenye mkopo wa nyumba, na mshahara wangu unaingia hapohapo. Kuna tatizo?

Bi Nuru
Lipo, afadhali umeuliza. Benki ina haki ya kuchukua pesa kwenye akaunti yako kufidia deni unalodaiwa nayo. Fungua akaunti ya kawaida kwenye benki isiyo na uhusiano na wanaokudai, hamishia mshahara huko, kisha malipo ya nyumba yakatwe kutoka huko. Hakikisha makato ya kwanza yamepita kabla hujafunga ya zamani, maana mwezi mmoja ukiruka unaweza kukukosesha riba mpya.

Jambo jingine: omba rekodi zenu za mikopo kwenye kampuni hizo, ni bure. Tazama kila deni limeandikwaje. Lililoandikwa "limeshindwa kulipwa" litafutika baada ya miaka 6 hata kama bado mnalilipa. Lililoandikwa tu kwamba mna makubaliano ya kulipa pungufu huendelea kuonekana kwa muda wote mnaolipa, na miaka 6 huanza kuhesabiwa likimalizika. Kama mlishachelewa miezi kadhaa na bado hawajalitangaza, waandikieni wanaowadai walitangaze kwa tarehe ya wakati ule, ili miaka 6 ihesabiwe tangu hapo.

Kijana wa Makorora
Hilo la mwisho sikulijua, ahsante Bi Nuru. Na Baba Pendo jina lake limo kwenye mkopo?

Mama Pendo
Limo, tuko wote wawili.

Bi Nuru
Basi omba rekodi yake pia, na wakati wa kukubali riba mpya kwa kawaida benki huhitaji ridhaa yenu nyote wawili. Kama bado anaumwa, piga simu mapema uwaambie, wampangie namna ya kuthibitisha akiwa nyumbani.