Mwigizaji wetu alivunjika muundi, zimebaki wiki tisa: tumrudishe vipi jukwaani?

MwelekeziNax:
Wakuu, salamu kutoka Nakuru. Naomba ushauri wa wanaoijua kazi hii.

Mwigizaji wetu mkuu alianguka kutoka kwenye jukwaa la juu wakati wa mazoezi, akavunjika muundi wa mguu wa kulia, katikati kabisa. Alipasuliwa akawekewa chuma ndani ya mfupa, na skrubu juu na chini. Sasa imetimia miezi mitano tangu aumie. Magongo ameacha, ila jioni anachechemea kidogo. Daktari ametazama eksirei akasema mfupa umeshika, arudi kazini polepole. Wasiwasi wangu ni kama daktari anaijua kazi yenyewe. Baada ya wiki tisa tunafungua tamthilia katika ukumbi wa Nakuru Players Theatre, kisha tunazunguka nayo shuleni Njoro, Molo mpaka Kericho, shule mbili kwa siku. Mhusika wake ana pigano, anapiga magoti dakika nne akiomba msamaha, halafu kuna isukuti, ngoma ya Waluhya, kwenye harusi. Yeye anataka kuanza hata leo. Nianzie wapi?

FizioKisumu:
Dada, weka kalenda kando kwanza. Kaeni na mswada muandike kila kazi ya mguu ule: anapanda ngazi ngapi, anasimama dakika ngapi mfululizo, anaruka mara ngapi, anabeba nini. Karatasi hiyo ipelekeni kwa daktari. Akiulizwa tu "anaweza kuigiza?" atasema ndiyo. Akiona miruko 12 kwenye sakafu ya simiti atajibu vingine.

Muulizeni pia mfupa umeunga pande ngapi. Eksirei hupigwa kwa mbele na kwa ubavuni, kwa hiyo huonekana kingo nne. Kwa kawaida tatu zikishaunga ndipo husemwa umepona. Muundi huchukua kama miezi minne hadi sita, na sigara huuchelewesha. Kama anavuta, aache sasa.

Kabla ya ngoma, aweze kusimama kwa mguu ule peke yake sekunde 30, ainue kisigino mara 20 mpaka juu kabisa, na ashuke ngazi bila kushika ukuta. Kabla ya pigano, aruke kwa mguu mmoja na afikie angalau asilimia 90 ya umbali wa mguu usioumia. Wengi hukwama kwenye kisigino, kwa sababu shavu la mguu hunyauka mtu akiwa kwenye magongo. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima asubuhi kabla mguu haujaanza kuvimba, sentimita 10 chini ya goti, miguu yote miwili. Tofauti ikifika sentimita 2, msuli bado haujarudi, hata kama anatembea vizuri.

Magoti ondoeni. Chuma kile huingizwa kupitia mbele ya goti, na wengi huumia wakipiga magoti hata baada ya mfupa kupona. Aombe msamaha akiwa ameketi chini, mguu wa kulia umenyooka.

Maumivu ya mazoezi yasizidi 3 kwa 10, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi yalikokuwa, bila uvimbe mpya. Yasiporudi, siku inayofuata fanyeni nusu. Shavu la mguu likivimba ghafla, likawa la moto na kuuma, au akikosa pumzi, nendeni hospitali saa hiyo hiyo. Huenda ni damu iliyoganda.

FundiJukwaa:
Hujasema alianguka kwa nini. Ubao uliachia au hakuona ukingo? Msipojua hilo mtamvunja tena.

MwelekeziNax:
Ubao uliachia. Ulikuwa umepigiliwa misumari.

FundiJukwaa:
Basi ndiyo hiyo. Misumari hung'oka kidogo kidogo watu wakicheza ngoma juu yake, na huwezi kuona. Tumia bolti za milimita 10 zenye washa pana chini ya nati, plaiwudi ya milimita 18, na mbao za chini zisiachane zaidi ya sentimita 40. Kaza bolti kila siku ya onyesho. Ukingo wote ubandikwe utepe mweupe, ngazi zisizidi sentimita 18 kwenda juu, na pembeni iwake taa ndogo ya buluu, maana taa zikizimwa ghafla macho hayaoni kitu.

Shuleni mtapewa meza za bwalo ziunganishwe ziwe jukwaa. Kataeni kabisa. Zikikanyagwa kwa kishindo huachana, na mguu huingia katikati. Chezeni chini, wanafunzi wakae nusu duara.

MwalimuWaPigano:
Pigano lipangwe upya: yeye asimame pale pale, mpinzani ndiye azunguke. Kuanguka kuwe upande wa kushoto tu, akunje magoti, ashukie paja, tako, kisha ubavu. Asikinge kwa mkono ulionyooka. Wiki za kwanza ni kutembea tu, kisha nusu kasi, kisha robo tatu. Kasi kamili ingojee wiki mbili za mwisho. Kila siku ya onyesho, kabla watu hawajaingia, wapitie pigano zima polepole.

Mtazame mpinzani wake pia. Anayeogopa kumuumiza mwenzake husita, kipimo cha umbali kinapotea, na hapo ndipo mtu hupigwa kweli.

Isukuti msiifute. Nguvu yake iko mabegani. Miruko waachieni wengine. Sarah Bernhardt, mwigizaji maarufu wa Ufaransa, alikatwa mguu 1915 na akaendelea kuigiza akiwa ameketi, kwa hiyo usione haya kumpa kiti.

MwelekeziNax:
Asanteni sana. Na ziara ya shule mbili kwa siku je?

FizioKisumu:
Kwa wiki mbili za kwanza, onyesho moja kwa siku na siku ya mapumziko katikati. La alasiri apewe mbadala, na mbadala huyo aanze mazoezi leo. Garini akae mbele mguu umenyooka, na kila saa moja ashuke atembee dakika tano.

FundiJukwaa:
Kama kikundi kimemwajiri, sheria ya WIBA ya 2007, ile ya fidia kwa wanaoumia kazini, inampa miezi 12 tangu ajali kudai fidia. Mitano imeshakwenda, kwa hiyo tafuteni ripoti ya hospitali na majina ya walioshuhudia wiki hii.