Naomba ushauri: dishi moja la satelaiti linaweza kutosha kijiji kizima?

MwalimuMpakani: Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha katika kijiji kimoja wilayani Longido, ambako mnara wa simu umefichwa na kilima na watu hupanda juu ya jiwe ili ujumbe uende. Nina dishi la intaneti ya satelaiti, lile la Starlink, nyumbani, na kasi yake inanitosha na kubaki. Nitumie vifaa gani kuifikisha shuleni, kwenye zahanati na katika nyumba 22, ili kila simu, hata ile kuukuu, ipate intaneti?

FundiAntena: Funga antena mbili zinazotazamana kwa masafa ya gigahezi 5, mradi pasiwepo mti wala kilima kati yake. Upande wa pili, ruta isambaze kwa gigahezi 2.4, kwa kuwa simu nyingi za bei nafuu hazipokei masafa mengine. Dishi umelisajili wapi?

MamaVitenge: Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, wateja wangu walidhani nimewakimbia na fedha zao, kumbe picha za vitenge ndizo zilizogoma kwenda. Mwalimu, usipokee fedha ya mtu.

FundiAntena: Swali langu bado halijajibiwa.

MwalimuMpakani: Samahani, nilikwepa. Dishi lilinunuliwa Kenya, ambako huduma hiyo ilianza mwaka 2023, na limesajiliwa kwa jina la shemeji yangu aliye ng'ambo ya Namanga. Satelaiti zenyewe zinapita juu yetu sote, hazijui mpaka. Majirani wote 22 wamekwisha kunichangia shilingi 20,000 kila mmoja.

FundiAntena: Mpaka zinaujua vizuri. Satelaiti hizo ziko umbali wa kilomita 550 hivi, si 35,786 kama zile za ving'amuzi, na ndiyo maana hazicheleweshi mazungumzo. Lakini kampuni huona dishi lilipo na inaweza kulizima wakati wowote.

WakiliMstaafu: Kwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, anayetoa huduma ya mawasiliano kwa umma anahitaji leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na nia njema si leseni. Pitieni halmashauri mwombe Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hutoa ruzuku ili minara ijengwe mahali ambapo kampuni hazioni faida.

MwalimuMpakani: Barua tuliandika, mzee wangu. Mtihani wa kidato cha nne haungoji mnara, wala mimi sichumi hata senti.

MsomajiKimya: Hii ni chai. Mwanzo dishi lilikuwa lake, sasa ni la shemeji, na akaunti yake imefunguliwa jana. Huyu ni muuza antena.

MamaVitenge: Kama ni chai, basi imekuja na vitafunwa, maana fundi ameshatufundisha bure.

MwalimuMpakani: Akaunti ni ya jana kwa sababu dishi lilifungwa juzi. Kabla ya hapo ningeifungua kwa mtandao gani?

FundiAntena: Kumbe kasi unayojisifia ni ya siku mbili, tena ya mtu mmoja! Ipime saa mbili usiku nyumba zote zikiwa zimeunganishwa, ndipo utajua kinachobaki. Na ile 440,000 irudishe kwanza, mpaka mambo ya kibali yaeleweke.

MwalimuMpakani: Kupima nitapima. Kurudisha siwezi, kwa sababu fedha hiyo iko juu ya paa la zahanati, imeshakazwa kwa boliti nne.