Tupeane uzoefu: kufuga na kudhibiti punda ndani ya mji wa Amu (Lamu)

MwenyeDaka
Assalamu alaykum. Uzi huu ni wa wenye punda, wanaokodisha punda, na majirani wanaoamka wakakuta kinyesi mlangoni. Tuandike mambo ya kufanyika: kipimo, dawa, kibali, kosa linalotokea na sababu yake. Naanza na sheria.

Katiba ya Kenya ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya kudhibiti wanyama na kulinda ustawi wao. Leseni za mbwa zimo humo, na mahali pa kuwaweka wanyama, kuwatunza na kuwazika. Kwa hiyo suala la punda anayezurura mjini ni la ofisi ya mifugo ya kaunti. Ada na faini hupangwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti, nayo hubadilika, kwa hiyo risiti ya mwaka jana isikupe imani. Ulizia kiwango cha mwaka huu kabla hujalipa, na udai risiti.

Juu ya hizo kuna sheria za nchi nzima. Sura ya 360 inakataza ukatili: kumpiga mnyama, kumzidishia mzigo, kumtumikisha akiwa hafai kazi. Wengi hudhani inamhusu aliyeshika fimbo tu. La, mwenye punda aliyejua akaacha naye ana kosa. Sura ya 364 ni ya magonjwa, na ndiyo inayodai kibali cha daktari wa mifugo unapomvusha mnyama kutoka kaunti moja kwenda nyingine. Ukinunua punda nje ya kaunti ukamleta hadi Mokowe, gati ya upande wa bara, bila karatasi hiyo, utakwama hapo gatini.

Mchukuzi wa Langoni
Shukran sheikh. Mimi nazungumzia mzigo.

Punda wengi wetu ni wadogo, kilo 150 hivi, na mzigo usizidi theluthi ya uzito wake. Hiyo ni kilo 50. Sasa piga hesabu. Mfuko wa saruji peke yake ni kilo 50, maana yake mfuko mmoja tayari umegusa mpaka, na miwili ni kumuua taratibu. Debe la mchanga mkavu ni karibu kilo 30. Mchanga ukiwa umeloa, debe lilelile hupita kilo 35. Mchanga ukishuka jahazini hali umeloa, kila upande usizidishe theluthi mbili za debe, na pande zote mbili ziwe sawa. Upande mmoja ukizidi, shogi (makapu ya mzigo ya pande mbili) huvuta, kamba husugua uti wa mgongo, na baada ya siku tatu una kidonda cha mwezi mzima.

Matandiko ndiyo muhimu kuliko yote, nayo ndiyo yanayopuuzwa. Usiweke gunia la nailoni juu ya ngozi: halinyonyi jasho, na nyuzi zake hukata. Tumia blanketi kuukuu au gunia la katani lililokunjwa, ushone mito miwili, mmoja kila upande wa uti, na katikati uache mfereji wa vidole vitatu. Ukitazama kutoka nyuma uone mwanga ukipita juu ya uti wa mgongo. Usipouona, mzigo unakaa juu ya mfupa. Matandiko yafuliwe kwa maji matamu, kwa sababu chumvi ya bahari ikikauka kwenye kitambaa huwa kama msasa.

Bint Mkomani
Kaka Mchukuzi, swali: fundi akiwa anasubiri saruji na mfuko haugawanyiki, inakuwaje?

Mchukuzi wa Langoni
Dada, punda mmoja mfuko mmoja, umelazwa katikati juu ya mito yote miwili, si kuning'inia upande. Njia iwe fupi na punda awe mzima wa miaka minne kwenda juu. Walio chini ya hapo, na jike mwenye mimba ya miezi tisa na zaidi, wasiguse saruji kabisa. Punda hubeba mimba karibu mwaka mzima. Miezi mitatu ya mwisho na mitatu ya kwanza ya kunyonyesha ni ya kupumzika. Fundi akilalamika, aongeze mkokoteni wa mkono pale njia inaporuhusu.

Fundi Kwato
Naongeza la usiku, kwa sababu matatizo mengi ya mji huu yanaanzia hapo. Punda anafanya kazi hadi magharibi, kisha anafunguliwa ajitafutie. Katika vichochoro hakuna nyasi, kuna taka. Karatasi ya plastiki iliyofungiwa chakula ina chumvi na mafuta, naye anaimeza nzima. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, lakini vifungashio, kamba za nailoni na nyuzi za magunia bado zimejaa. Haviyeyuki tumboni. Hukusanyika, husokotana kama kamba ya nanga, mwisho huziba utumbo.

Dalili: haachi kinyesi, anageuka kutazama ubavu wake, analala na kuinuka, anagaagaa, hagusi chakula. Usimnyweshe mafuta wala soda kwa nguvu, kwa sababu yakiingia mapafuni umemmaliza. Muondolee chakula, mtembeze polepole, mwite daktari saa ileile. Kuna hospitali ya punda pale ufukweni, iliyofunguliwa 1987 na shirika la Donkey Sanctuary. Mpeleke mapema. Utumbo ukishaziba kabisa, dawa haifiki popote.

Kwa hiyo udhibiti ni chakula, kamba inafuata baadaye. Punda wa kilo 150 anahitaji kilo mbili na nusu hadi tatu za majani makavu kwa siku, na maji lita 10 hadi 25, zaidi msimu wa kaskazi. Mpe usiku ndani ya zizi, hatakuwa na haja ya kuzurura. Maji ya kisima chenye chumvi nyingi hatayanywa ya kumtosha, na punda asiyekunywa huvimbiwa. Ndoo isuguliwe kila siku.

Bint Mkomani
Kwa upande wa majirani: chochoro nyingine haipishi watu wawili, na mzigo wa punda hukwangua chokaa ya ukuta na kuziba madaka. Kumfunga hapo ni kuufunga mtaa. Afungwe uwanjani au kwenye kiwanja cha mwenyewe. Kinyesi kizolewe asubuhi na jioni, kwa sababu nzi anayetaga leo huwa amezaa nzi wapya ndani ya wiki mbili, na kwenye joto letu hata kabla ya hapo. Kikaushwe juani, kiwekwe kwenye gunia, wenye mashamba ya Matondoni na Kipungani wanajua kazi yake. Kamwe kisisukumwe kwenye mtaro wa maji. Huziba, na mvua ya masika ikija uchafu unaingia majumbani.

Fundi Kwato
Kumfunga: usimfunge miguu ya mbele kwa kamba ya nailoni. Hukata hadi kwenye mshipa, na kidonda cha mguu ndiyo njia kuu ya pepopunda. Ugonjwa huu ulipata jina kwa punda: masikio yanasimama wima, taya linakaza, mkia unakuwa kama fimbo, sauti ndogo tu inamtetemesha. Kinga ni chanjo na kuosha kidonda mapema. Chemsha maji, yapoe, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, osha, uache wazi au funika kwa kitambaa safi. Oili chafu na maji ya betri ni ukatili, vinaunguza nyama nzima iliyobaki. Kwato zikatwe kila wiki sita hadi nane. Kwenye mchanga haziliki, zinarefuka mbele na kuvuta kano.

MwenyeDaka
Tusisahau mbwa na paka. Mbwa ni wachache mjini, wengi wako Shela na bara, lakini chanjo ya kichaa cha mbwa ni kwa wote: ya kwanza akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi iwekwe. Mtu akiumwa na mnyama, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, si kumwagia tu, kisha hospitali siku hiyohiyo. Chanjo ya sindano za msuli kwa ratiba kamili ni siku ya 0, 3, 7, 14 na 28. Mbwa au paka aliyeuma asiuawe. Afungiwe atazamwe siku 10, akibaki mzima daktari ataamua kama sindano zilizobaki ziendelee.

Punda naye hupata kichaa. Akishindwa kumeza na kutokwa mate, usitie mkono mdomoni kutafuta kilichomkwama. Mfunge mbali na watu, ita daktari.

Paka wa Amu wana faida dhidi ya panya, ila jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu na kuzaa baada ya siku 63 hivi. Kuwahasi ndiko kunakopunguza idadi. Kuwahamisha mtaa mwingine hakusaidii, wengine wanaingia nafasi hiyohiyo.

Mchukuzi wa Langoni
Na alama ya punda? Akikamatwa bila mwenyewe, kila mtu anasema si wake.

Fundi Kwato
Usimkate sikio wala kumchoma moto. Mtengenezee hatamu ya katani au pamba yenye kibati kilichoandikwa namba ya simu, na upige picha pande zote mbili: mstari wa mgongo, msalaba wa mabega, makovu, rangi ya pua. Nakala moja mpe mzee wa mtaa. Hatamu iingie vidole viwili chini ya taya. Ikibana inachimba mfupa wa pua, ikilegea ananaswa kwenye kulabu ya mlango. Kwa punda anayekua, ipime upya kila mwezi.